TSH Ikipanda, Tezi Imelala

Majuzi mama mmoja wa Chumbageni alifungua pindo la khanga, akanitolea karatasi ya majibu iliyokunjwa mara nne. Kipimo cha tezi ya shingo: TSH 18. "Mwanangu, homoni zimenizidi, vidonge vya tezi nimeviacha." Wiki ya tatu hajameza. Uso umemvimba, sauti inakwaruza, na katika joto hili la Tanga yeye kajitanda khanga mbili, anasikia baridi.

Nimechoka kulisema hili hapa maabara. TSH si homoni ya tezi ya shingo! Inatoka tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo itengeneze homoni zake, T4 na T3. Konda wa daladala ya Pongwe hupiga kelele lini? Gari likiwa tupu. Likijaa, ananyamaza. TSH ndiyo sauti ya konda, T4 ndio abiria. Kawaida ya mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4.0, sasa 18 maana yake dozi haimtoshi. Alipaswa kuongezewa, yeye kaacha kabisa. Na ukiona 0.01 usishangilie kwamba imeshuka. Mara nyingi hapo T4 imefurika na moyo unakwenda mbio. Mara chache konda mwenyewe, yaani pituitari, ndiye mgonjwa, gari tupu na sauti haitoki, ndiyo maana mimi hupenda T4 huru, ile isiyoshikwa na protini, ipimwe kwenye damu ileile.

Kufunga kula? Kwa kipimo hiki hakuna haja. Kidonge cha tezi cha asubuhi ndicho usubiri, ukimeze baada ya kutolewa damu.

"Sina rovu, kwa hiyo niko salama." Rovu ni ukubwa wa tezi, homoni ni kazi yake. Wapo wenye shingo nyembamba na TSH 40, na wapo wenye rovu na majibu safi.

Nanyi mabinti wa vidonge vya nywele na kucha: biotini, vitamini iliyomo humo, ikiwa nyingi huzidanganya baadhi ya mashine, TSH ikasomeka chini na T4 juu, mtu mzima wa afya akaonekana mgonjwa. Acheni angalau siku mbili kabla, na mtuambie mnavitumia.

Yule mama alirudi kwa daktari wake, dozi ikapandishwa. Jana kaja tena kupima, siku ya nane tu. Nimempa maji ya kunywa, nikamrudisha nyumbani: TSH hutulia baada ya wiki 6 hadi 8.