.co sio .co.ke

Juzi tena, barazani hapa Kibokoni, kijana aniambia ameshapata jina zuri la tovuti, atalishika mwaka mmoja miwili kisha auze, linaishia na .co, "na hiyo ni ya Kenya kaka, ni ile ile .co.ke ila fupi." Sio yeye wa kwanza kuniambia hivyo na watu wanatoa pesa zao, kwa hivyo wacha niandike.

Ekstenshen ni ule mkia wa jina la tovuti, baada ya nukta ya mwisho. Basi. Ya MWISHO, na hapo ndipo watu wanapotea, coz mkia unasomwa vile tulivyosomeshwa chuoni, yaani madrasa, unaanza kulia. Chukua .co.ke: ukianza kulia unakutana na ke, hiyo ndio Kenya, KeNIC ndio wasimamizi, halafu ndani ya nyumba ya Kenya kuna vyumba, co ya makampuni, go ya serikali, ac ya vyuo vikuu, or ya mashirika. Hiyo co ni chumba tu, ukikitoa ndani ya nyumba hakiendi na Kenya.

.co yenyewe ni Kolombia. Kila nchi ina herufi zake mbili kwenye orodha ya kimataifa, wao wakapata CO, na 2010 wakafungulia dunia nzima, ikauzwa kama mdogo wake .com. Na .com nayo haijatoka kwa kompyuta jamani, ni commercial, yaani biashara, ipo tangu 1985.

Hizi .io na .ai watu wanaziita "za teknolojia" pia ni za watu, .io ni eneo la Waingereza lenye visiwa vya Chagos humu humu Bahari ya Hindi, .ai ni Anguilla. Ikiwa ni herufi mbili, jua kuna nchi au eneo nyuma yake. Kwa mwenye kuweka pesa hili ni kubwa sana, maana jina hununui, unakodi, na mwenye nyumba ndiye anayepanga masharti. Yugoslavia ilivunjika na .yu ikafutwa 2010. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, Waingereza wengi wakapoteza .eu zao.

Mimi kama wateja ni wa hapa naweka pesa kwa .co.ke au .ke, kama nataka kuuzia mtu yeyote duniani naanza na .com. Shida ya .co hapa kwetu ni mkono wa mteja, ukimtajia .co anamalizia ke mwenyewe bila kufikiri, na anatua kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo mdogo wangu, jina lako sijalikataa, ni zuri. Ila mnunuzi akija mwambie ni la Kolombia, na leo hii kabla hujalala angalia kama la .co.ke liko wazi ulichukue pia.