Eti asiyeona hawezi kusoma nyota?

Hii ya kusema mwanafunzi asiyeona hawezi kusoma astronomia, yaani sayansi ya nyota na anga, imezoeleka sana, eti kwa sababu nyota ni za kutazama. Tulia kwanza. Mawimbi ya redio, eksirei, infraredi, yote ni mionzi inayotoka angani na hakuna jicho la mtu linaloiona, hata mwanaastronomia mwenye macho mazima anapokea namba tu kutoka kwenye darubini halafu kompyuta ndo inazigeuza picha, sasa kama zinageuzwa picha si zinaweza kugeuzwa sauti pia? Ndicho anachofanya mwanaastronomia Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, alipoteza uwezo wa kuona na anachambua data kwa kusikiliza, namba zikipanda sauti inapanda, zikishuka inashuka.

Darasani wala huhitaji mitambo. Chukua karatasi ngumu, ibonyeze kwa nyuma mpaka mbele vitokeze vinundu, kikubwa kwa nyota inayong'aa zaidi, kidogo kwa iliyofifia, mtoto anapitisha kidole, anafika kwenye Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, vinundu vimebanana pamoja, anakitambua mwenyewe. Mimi naona kikwazo kikubwa ni mwalimu anayenyoosha kidole ubaoni, "hii hapa, ile pale", bila kutaja chochote.