Onyesho la usomanaji wa gridi za kompyuta, na maana ya kulitunza

Mkazi wa Tanga akisikia neno gridi, fikra yake huenda kwanza kwenye umeme, na hajakosea, kwa sababu waliobuni gridi ya kompyuta katika miaka ya 1990 walilichukua jina hilo huko huko. Anayewasha taa Chumbageni hajui wala hahitaji kujua kama umeme uliomfikia umezalishwa Hale kwenye mitambo ya megawati 21, Pangani Falls kwenye megawati 68, au mbali zaidi kule Kidatu. Yeye hubonyeza swichi tu. Gridi ya kompyuta inakusudia jambo la namna hiyo kwa kazi za kukokotoa: kompyuta nyingi, zilizo mahali mbalimbali na chini ya wamiliki mbalimbali, huunganishwa ili mtafiti apeleke kazi yake na ifanyike popote penye nafasi. Gridi inayojulikana zaidi ni ile inayochakata data za LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ndogo za maada wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, yenye vituo takribani 170 katika nchi zaidi ya 40.

Shida ni kwamba gridi hazikuzaliwa na mama mmoja. Wajerumani walitengeneza programu ya gridi iitwayo UNICORE, nchi za Nordiki zikawa na ARC, mradi wa Ulaya uliohudumia watafiti wa CERN ukatumia gLite, na Marekani Globus ikaenea. Kila programu ilikuwa na namna yake ya kupokea kazi, kumtambua mtumaji na kurudisha majibu. Hali hiyo inafanana na reli zetu. Njia inayotoka bandarini Tanga kwenda Korogwe na Moshi ina upana wa milimita 1,000, sawa na ya Reli ya Kati, ilhali TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 pekee inatosha kulazimisha mzigo uhamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana.

Maofisini siku hizi tunasema mifumo isomane, na neno hilo linafaa kabisa hapa. Usomanaji ni uwezo wa mifumo miwili iliyotengenezwa na watu tofauti kupelekeana kazi na taarifa, kila mmoja akiuelewa ujumbe wa mwenzake vile vile ulivyokusudiwa, bila mtu kukaa katikati kutafsiri. Ili jambo hilo liwezekane, jumuiya ya Open Grid Forum, iliyoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha vyombo viwili vilivyotangulia, ilisimamia viwango vya pamoja. Kiwango cha JSDL, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2005 na kimoja cha vyombo hivyo vilivyotangulia, kinaeleza namna ya kuandika maelezo ya kazi. Kile cha BES cha mwaka 2007 kinaeleza namna ya kuikabidhi kazi hiyo kwa seva na kuuliza imefikia wapi.

Lakini kiwango ni maandishi, na maandishi husomwa na binadamu wenye mazoea tofauti. Watu wawili wanaweza kuusoma ukurasa mmoja kwa nia njema kabisa, kila mmoja akaandika programu anayoamini inakidhi kiwango, na programu hizo zikashindwa kuelewana. Ndiyo maana kukidhi kiwango na kusomana ni mambo mawili. La kwanza hupimwa kwa kulinganisha programu na maandishi. La pili hupimwa kwa kuziweka programu mbili uso kwa uso na kuzipa kazi ya kweli. Upimaji huu wa pili, ukifanywa hadharani ili kila mtu aone, ndio unaoitwa onyesho la usomanaji. Novemba 2006, katika mkutano wa kompyuta kubwa uliofanyika Tampa, Marekani, makundi kadhaa yalifanya onyesho la aina hiyo, na mengi yaliyogunduliwa katika maonyesho kama hayo yalikuwa sehemu ambazo maandishi ya kiwango yalikuwa na utata.

Mimi natunza onyesho dogo katika maabara ya kompyuta hapa Tanga, kwa ajili ya kufundishia. Tuna seva mbili, kila moja ikiendesha programu ya gridi iliyoandikwa na watu tofauti, na faili moja ya JSDL tunayoituma huku na huko. Katika faili hiyo kuna mstari unaoomba kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya baiti 2147483648, kwa kuwa kiwango kinasema wazi kwamba kipimo ni baiti. Seva ya kwanza iliipokea kazi na kuimaliza. Seva ya pili iliipitisha namba hiyo kama ilivyo kwenye foleni yake ya Slurm, programu inayopanga zamu za kazi, na Slurm isipoambiwa kipimo huihesabu namba kuwa megabaiti, hivyo kazi ikaonekana inaomba kumbukumbu ambayo hakuna kompyuta ya kawaida iliyonayo, na ikarudishwa na hali ya kushindwa. Kiwango hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kipande kifupi cha programu kilichopaswa kuigeuza namba iwe 2048, yaani hesabu ya megabaiti, kabla ya kuikabidhi kwenye foleni, na lisingeonekana kamwe kama kila seva ingejaribiwa peke yake.

Neno kulitunza ndilo ninalotaka lieleweke vizuri zaidi, kwa sababu wengi hudhani onyesho likishafanikiwa siku moja mbele ya wageni, kazi imekwisha. Usomanaji ni hali ya sasa ya pande mbili, na kila upande unabadilika bila kumngoja mwenzake. Toleo jipya la programu linatoka, maktaba ya usalama inakataa njia ya zamani ya kusimba, cheti cha kidijitali cha mtumiaji kinaisha baada ya mwaka. Onyesho lililofaulu mwaka jana na halijaendeshwa tena haliwezi kuthibitisha lolote kuhusu leo.

Tulilijifunza hilo kupitia saa. Gridi nyingi humtambua mtumaji kwa cheti cha muda kinachoambatana na kazi yake, ambacho kwa kawaida huishi saa 12 tangu kilipotolewa. Umeme ulikatika, betri ndogo inayotunza saa kwenye ubao mkuu wa seva inayotuma ilikuwa imekufa, na fundi aliyeiwasha akaiwekea saa ya ukutani huku mfumo ukiwa umepangwa kuhesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kuanzia hapo, cheti kilichotolewa saa nne asubuhi kilidai kuwa kitaanza kutumika saa saba mchana. Seva ya pili ilikikataa, na ilikuwa sahihi kabisa kukikataa. Kilichotuchanganya ni kwamba kazi zilizokataliwa asubuhi, zikirudiwa mchana kwa cheti kile kile, zilipita. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mtandao asubuhi unazidiwa," na kwa siku mbili nilimwamini, hadi tulipozifungua kumbukumbu za matukio za seva zote mbili ubavu kwa ubavu na kuona mihuri ya muda imepishana kwa saa tatu kamili.

Kwa hiyo kulitunza onyesho kunahitaji saa za seva ziwe zinalinganishwa zenyewe kupitia mtandao, vyeti vihuishwe kabla havijaisha, orodha za vyeti vilivyofutwa zipakuliwe upya mara kwa mara, na jaribio lenyewe liendeshwe kwa ratiba hata pale ambapo hakuna aliyegusa kitu. Kunahitaji pia uandishi mwaminifu. Kila tokeo tunaliandika pamoja na tarehe, toleo la programu ya kila upande na toleo la kiwango, maana kusema tu kwamba mfumo fulani unasomana na mwingine, bila kutaja matoleo, ni kauli isiyoweza kuhakikiwa.

Jambo gumu zaidi ni pale mshiriki mmoja anapoondoka. Globus Toolkit, iliyokuwa uti wa mgongo wa gridi nyingi, iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake Januari 2018, na jumuiya ya watumiaji ikaendeleza nakala yake kwa jina la Grid Community Toolkit. Mtunzaji wa onyesho lililoitegemea alilazimika kuamua kama nakala hiyo ni programu ile ile au ni mshiriki mpya anayestahili kupimwa upya tangu mwanzo. Kwa maoni yangu ni mshiriki mpya, hata kama siku ya kwanza hakuna mstari uliobadilika, kwa kuwa watakaorekebisha hitilafu kesho ni watu wengine, wenye uamuzi wao.

Katika jedwali letu, tokeo lililoshindwa halifutwi linapokuja kufaulu. Safu ya ile kazi ya kumbukumbu bado ipo, na chini yake kuna safu ya wiki iliyofuata, baada ya kipande cha programu kurekebishwa, ambayo namba yake inasomeka 2048.