Si kila ufa ukutani ni msingi mbovu
Wanunuzi wengi wa nyumba huamini kwamba ufa wowote ukutani ni dalili ya msingi mbovu, na kwamba ukuta laini uliopakwa rangi juzi ni salama. Ni imani inayoeleweka, maana ufa ndio huonekana kwanza.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika, mara nyingi ni za lipu iliyokauka haraka bila kumwagiliwa maji ya kutosha. Haziingii kwenye tofali. Wa kuogopwa ni ule unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa umbo la ngazi ukifuata viungo vya matofali, hasa upana wake ukizidi milimita 5. Huo mara nyingi ni msingi uliotitia upande mmoja. Hutokea sana kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kunywea kiangazi.

Zunguka nje uone kama ufa umetokeza. Fungua kila mlango, utazame unaokwama kona. Gonga lipu kwa sarafu. Sauti ya kitu kitupu maana yake imeachana na ukuta. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, paka jasi juu ya ufa, andika tarehe. Ikipasuka baada ya wiki chache, ukuta bado unasogea: usitoe hata arubuni kabla mhandisi hajaukagua.