Kisu kigumu si lazima kiwe imara

Wengi huamini kwamba kisu cha chuma kigumu zaidi hakivunjiki. Ni kinyume. Chuma kigumu sana hukaa na makali muda mrefu, lakini hakinyumbuki: kitumie kubandulia nyama iliyoganda au kukatia mfupa, uone makali yakipata pengo au ncha ikikatika. Visu vingi vya Kijapani hufikia 60 au zaidi kwa kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma. Vya Kijerumani aghalabu huwa 56 hadi 58, na hupinda kabla ya kuvunjika. Kwa jiko la kila siku ningechukua hivi vya pili, chuma chake kikifika mwisho wa mpini. Pengo dogo huondolewa kwa kinoo. Kikipata ufa kwenye bapa, usikipeleke kuchomelewa: joto lile hulegeza chuma.