Mawe ya Fosfeti Yanapopita Motoni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Kuyachoma mawe ya fosfeti, yanayotumika kutengeneza mbolea ya fosforasi, huyafanya yayeyuke upesi zaidi udongoni.

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Aliyezoea kuona jiwe la matumbawe likiingia tanurini likiwa gumu na kutoka likiwa chokaa, inayofumuka mara tu ikimwagiwa maji, hutarajia moto uyatendee vivyo hivyo mawe mengine. Lakini madini makuu ya mawe ya fosfeti ni apataiti, na apataiti haina tabia za chokaa. Katika mawe yaliyotokana na mashapo ya bahari, kama yale ya Moroko na Tunisia, baadhi ya nafasi za fosfeti ndani ya fuwele zimeshikwa na kaboneti, ambayo haiingii humo sawasawa. Kwa sababu hiyo fuwele hulegea, na asidi ya udongo hupata pa kuanzia kuimeng'enya. Joto linapozidi nyuzi 700 za Selsiasi hivi, kaboneti hutoka ikiwa kaboni dioksidi, chembe hukua na kushikana, na kinachobaki ni floroapataiti, yaani apataiti yenye florini, iliyojipanga imara. Kwa ufupi, jiwe lililoundwa na mashapo hukaribia kufanana na lile lililozaliwa na volkano, ambalo ni gumu kuyeyuka. Afrika Mashariki inazo aina zote mbili za kulinganisha: mawe ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, husagwa na kutiwa shambani moja kwa moja, ilhali yale ya Panda Hill huko Mbeya na ya Sukulu karibu na Tororo, yaliyotokana na kabonatiti, mwamba wa kivolkano wenye kaboneti nyingi, ni sugu kwa mizizi yakisagwa tu.

Dhana: Kiwango cha fosfeti kikipanda baada ya kuchoma, mbolea imekuwa bora.

Hapa hesabu ndiyo inayowahadaa watu. Kilo 100 za mawe zenye kilo 30 za oksidi ya fosforasi zikipoteza kilo 10 za maji, mabaki ya viumbe na kaboni dioksidi, kilo 90 zinazosalia bado zina kilo zilezile 30, ila sasa huandikwa kuwa ni asilimia 33. Mwenye kiwanda ana sababu ya kufurahi, kwa kuwa mzigo umepungua na mabaki ya viumbe yanayosababisha povu wakati wa kutengeneza asidi ya fosforiki yameteketea. Mmea haukuongezewa chochote.

Dhana: Moto huondoa florini.

Uchomaji wa kawaida huiacha florini ndani ya apataiti. Ili itoke, mawe hupashwa joto kali zaidi kukiwa na mvuke wa maji na silika (madini ya mchanga), na ndipo hupatikana fosfeti inayofaa kuchanganywa katika chakula cha mifugo.

Dhana: Basi joto halina faida yoyote kwa mkulima.

Huku nako ni kuvuka mpaka, maana jibu hutegemea ni madini gani yaliyomo na yamechomwa pamoja na nini. Kisiwa cha Christmas katika Bahari ya Hindi na eneo la Thiès nchini Senegal vina fosfeti zenye alumini, na hizo zikipashwa joto la nyuzi 500 hivi hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, mpangilio wake huporomoka, na fosforasi huwa rahisi zaidi kupatikana. Zikichomwa kupita kiasi, fuwele mpya hujiunda na faida hiyo hupotea. Hata apataiti yenyewe hukubali kuvunjika ikichomwa pamoja na magadi na silika kwenye nyuzi zaidi ya 1,000, njia iliyotumika Ujerumani kutengeneza mbolea ya Rhenania. Katika njia nyingine, mawe huyeyushwa pamoja na madini ya magnesiamu hadi yawe uji, kisha uji huo humwagiwa maji kwa ghafla ugande kama kioo, kwa sababu ukiachwa upoe taratibu, apataiti hupata muda wa kujiunda upya.