Majani yaliponya, au kikohozi kiliisha chenyewe?

Watu hutuletea sisi watafiti wa dawa za mitishamba majani na maelezo yanayofanana: "Nilikunywa siku tano, kikohozi kikakata." Tunawaamini. Lakini kikohozi cha mafua kwa kawaida huisha chenyewe ndani ya wiki tatu hivi, hata ukinywa maji matupu. Tena mtu huhangaikia dawa kinapokuwa kimemzidi, yaani kinapokaribia kupungua. Chochote atakachokunywa siku hiyo kitapata sifa.

Ndiyo maana tunapima. Kwanza tawi lenye maua hukaushwa na kuhifadhiwa, maana jina moja la kienyeji laweza kubeba mimea miwili mitatu tofauti. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha mengine hulowekwa kwenye maji na mengine kwenye spiriti, kwani kila kimoja huvuta kemikali zake. Baada ya kuchuja, tunavukiza mpaka kibaki kitu kizito, cheusi-kijani, kinachong'ang'ania kijiko. Hicho ndicho kiini.

Kipimo chenyewe kinataka subira. Simbilisi, mnyama mdogo wa maabara, huwekwa kwenye kisanduku kinachoonyesha ndani, hupuliziwa ukungu wa asidi ya sitriki, ile ya kwenye ndimu, na mtafiti huhesabu kila anapokohoa. Baadhi wamepewa kiini, wengine kodeini, dawa inayojulikana kutuliza kikohozi, wengine maji tu. Bila hao wa maji, hesabu yote ni bure. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: nusu hupewa sirapu yenye rangi na ladha ile ile, ila haina mmea, na hakuna anayejua kapewa ipi.

Kuna kosa linaloniuma: kiini kikiua bakteria kwenye sahani ya maabara, hutangazwa kuwa kimetibu kikohozi. Lakini vikohozi vingi vya ghafla huletwa na virusi, si bakteria.

Usalama nao haupimwi kwa umri wa desturi. Mmea wa Tussilago farfara ulitumika Ulaya kwa kikohozi karne nyingi, kumbe una alkaloidi, yaani kemikali za mmea, zinazoharibu ini. Kwa upande mwingine, mmea wa Justicia adhatoda wa bara Hindi ulitoa kemikali iitwayo vasisini, na kutokana nayo ikatengenezwa bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi inayotumika hadi leo.

Kikohozi kikipita wiki mbili, kikitoa damu, au kikija na kukonda na jasho la usiku, nenda ukapimwe kifua kikuu kabla ya kuchemsha jani lolote. Na mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali, hata ya kuchanganyia dawa.